Sambusa za Alhamisi

Niapie kwanza kwamba neno hili halitoki hapa. Mimi mwenyewe niliapishwa na Somoe, na wewe ni mtu wa saba tu ninayemwambia.

Somoe alikuwa mpishi wa mgahawa wa Bwana Jaafari, tajiri aliyesifika mtaa mzima kwa kufunga sunna kila Jumatatu na Alhamisi. Sambusa zikawa zinapotea stoo. Tajiri akamwita.

"Wewe si unasoma semina ya biashara pale kata? Nichambulie hasara hii inatoka wapi. Ukishindwa, naikata yote kwenye mshahara wako."

Somoe akajaza daftari wiki mbili, siku kwa siku, sambusa zilizopikwa na zilizouzwa. Kisha akamwendea.

"Hesabu zinasema mwizi ni mfanyakazi, bosi, na huiba Jumamosi."

"Nilijua. Kumbe una akili."

"Basi Alhamisi niruhusu niende na wenzangu wote semina, tukasome namna ya kumkomesha. Stoo iache wazi, siku hiyo haipotei hata moja."

"Nendeni tu. Mimi na saumu yangu nitajipumzikia."

Alhamisi saa nane mchana Somoe akarudi na wafanyakazi, mwalimu wa semina na wanafunzi arobaini.

"Mwalimu, zoezi letu ni safu hii ya hasara," akasema. "Jumatatu ishirini, Alhamisi ishirini, siku nyingine zote sufuri. Tutazame mtaji unakwenda wapi."

Akasukuma mlango wa stoo. Bwana Jaafari alikuwa amekaa juu ya gunia la unga, tasbihi shingoni, sambusa kila mkono, na mashavu yote mawili yamejaa.