Nukta Kumi na Moja Kitakoni

Wewe unayesikiliza, umewahi kuipindua chupa ukatazama kitako chake? Hujawahi. Basi tulia.

Katika mji wa Shamsiya alitawala Sultani Darweshi bin Nasibu, mwenye kasri saba na kiti cha enzi ambacho asubuhi hiyo hakikumkalisha, maana alizunguka barazani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Pete yake ya yakuti ilikuwa imepotea, na Makame, fundi wa vioo, angekatwa mkono adhuhuri, na shahidi alikuwa jini.

"Jini huyu," alisema Sultani, akienda dirishani na kurudi, "alifungwa na babu zetu ndani ya chupa hii miaka mia saba iliyopita, na jini wa kale hasemi uongo."

"Makame ndiye mwizi!" ikanguruma chupa. "Naapa kwa gharika ya Nuhu, niliyoiona kwa macho yangu!"

Mize, mke wa Makame, alikuwa ameosha chupa kuukuu za wauza manukato miaka ishirini. Alijua mwiko: chupa ya jini haipinduliwi. Alikitazama kivuli uani kikizidi kufupika, akamtazama mumewe na kamba zake, akaikwapua chupa na kuigeuza juu chini.

"Mama we, nishushe! Kizunguzungu!"

"Kaa kimya, babu wa gharika." Akapitisha kidole kitakoni. "Maulana, chupa za kale zina kovu hapa, zilipobanduliwa kwenye fimbo ya mpulizaji, linakwaruza kama ulimi wa paka. Hii ni laini, imetiwa umbo ndani ya kalibu. Na kalibu za karakana yako huongezwa nukta moja kila mwaka wa utawala wako. Hesabu."

Sultani hakuhesabu. Wazee wa baraza walihesabu, na kwa sauti: kumi na moja. Na sherehe za mwaka wa kumi na moja zilikwisha juzi tu, ubani wake ungali ukinuka mapaziani.

"Mimi ni wa hamamu ya hapa hapa kasrini!" akalia jini. "Niliambiwa niingie nusu saa tu!"

"Na nani?" akauliza Mize.

Akaitikisa chupa, na pete ya yakuti ikachomoka shingoni, ikabingirika sakafuni mpaka miguuni pa Sultani, na miguu ile iliyotembea tangu alfajiri ikasimama.

"Mfungueni Makame," alisema Sultani. "Hakuna aliyeiba. Niliiweka pete dau nikacheza bao na jini huyu, akanifunga, nikaona haya, nikamsingizia fundi."