Nani Apewe Ufunguo wa Jiko la Bi Siwatu?

Sogeeni, na mwenye kikombe cha chai akishike sawasawa, kwa sababu hadithi hii naianza mimi lakini mwisho wake uko kwenu. Nimejaribu kuimaliza peke yangu nimeshindwa. Mimi ni jirani tu. Baina yangu na nyumba ya Bi Siwatu, hapa Ngamiani, upo ukuta mmoja mfupi unaopitisha harufu za chakula na maneno ya watu bila kubagua.

Nyumba hiyo ina watu watatu wenye vipaji, na kila mmoja kipaji chake kimemfanya kuwa kero kwa wenzake.

Wa kwanza ni Shemsa, mjukuu wa Bi Siwatu, binti wa kidato cha pili. Kipaji chake ni pua. Akiingia kwako jioni atakwambia mchana mlikula nini na nani aliunguza. Wasichana wenzake wanakusanya picha za waimbaji, yeye anakusanya iliki na kuzipanga kwa harufu. Kuoka ndiyo starehe yake, tena kuoka kwa makaa kama bibi yake, na akiwa kwenye unga utamwita mpaka koo likauke.

Wa pili ni Hatibu, kaka yake. Kipaji chake ni sikio. Anafufua redio mbovu ambazo wenyewe wameshazisahau. Redio iliyokufa anaiweka sikioni, anaitikisa kidogo, kisha anakwambia inaumwa wapi. Zimejaa mvunguni mwa kitanda chake mpaka kitanda kimeinuka upande mmoja, na mama yao ameshamwambia mnunuzi wa vyuma chakavu apite wiki hii.

Wa tatu ni Mjomba Kombo, kitinda mimba wa Bi Siwatu, mtu mzima ambaye hajaoa kwa sababu, kwa maneno ya mama yake, ameshaoa njiwa. Kipaji chake ni ngozi. Yai likitelekezwa, Kombo analiweka kiganjani, analigusisha shavuni, na anajua kama bado lina uhai na linataka joto kiasi gani. Aliwahi kuangua makinda ndani ya kofia yake mwenyewe, akawa anatembea kichwa wazi mpaka walipoota manyoya. Njiwa wake wanalala kwenye makasha uani, na paka wa mtaa mzima wana habari hiyo.

Sasa kisa chenyewe. Nyuma ya nyumba lipo jiko la zamani, la udongo, lenye mafiga, kinu, mbuzi ya kukunia nazi, na masizi yaliyoanza kujikusanya tangu enzi za mama yake Bi Siwatu. Ufunguo wake bibi huyu huufunga kwenye pembe ya khanga, hata akilala. Mwaka huu kifua kikamsumbua na daktari akampiga marufuku moshi. Siku hiyo Bi Siwatu alilia kuliko siku alipong'olewa meno, na mimi nikalia naye kwa upande wangu wa ukuta.

Kulia hakujaisha, watatu wale wakaanza kulitolea macho jiko. Shemsa alilitaka libaki vilevile, kwa kuwa mkate wa kumimina unataka moto chini na moto juu, na gesi ya mama yake ina moto wa chini tu. Hatibu alilitaka liwe karakana ya redio zake kabla mnunuzi wa vyuma hajafika. Mjomba Kombo alitaka kung'oa mafiga, kutia wavu dirishani na kuwahamishia njiwa humo wasalimike na paka. Mimi nikajitia busara, nikashauri waligawane. Bi Siwatu alinitazama kwa huruma.

"Njiwa wanyee unga, na redio ziote masizi?" aliniuliza. "Jiko lina mwenyewe mmoja."

Akatoa sharti lake. Mdogo wake, Bi Riziki, alikuwa njiani kutoka Mombasa. Bi Riziki huyu hajawahi kula kitu asikitoe kasoro. Kwenye harusi ya mwanawe mwenyewe alisema pilau imepikwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kwingine. Basi Bi Siwatu akasema utaokwa mkate wa kumimina ndani ya jiko lile, kwa vyombo vilevile vya zamani. Bi Riziki akila akanyamaza, yule aliyeufanikisha mkate atachukua ufunguo na jiko alifanye apendavyo. Akitia neno, jiko litavunjwa na mahali pake patapandwa mchicha.

Mnaona ujanja wa bibi huyu. Wanaume wale wawili hawajui hata chumvi inakaa wapi, lakini mkate ukiharibika wote watatu wanakosa. Kwa hiyo kazi ilikuwa ya Shemsa, na roho juu zilikuwa za wote.

Shemsa aliloweka mchele, akautwanga, akauchekecha, mikono ikamvimba. Zikaja nazi. Akavunja moja, akainusa, akaiweka kando na kusema imevunda. Mama yake aliionja akasema ni nzima. Hatibu akaionja, akasema ni nzima. Mimi nilipewa kipande juu ya ukuta nikakila chote, nikasema ni nzima. Mtoto akakataa katakata, akavunja nyingine. Mama yake hakutaka hasara, akaitia nazi ile kwenye mchuzi wa samaki wa mchana. Sitaki kuwaharibia chai yenu, niseme tu kwamba mchuzi ule waliachiwa paka, na paka wakauacha. Ingekuwa si pua ya Shemsa, nazi ile ingekuwa ndani ya mkate.

Lakini Shemsa naye ni binadamu. Ilikuwa miezi ya kusi, mvua inanyunya na baridi imeingia mpaka kwenye mitungi. Kwa haraka yake alilimimina tui kwenye unga likiwa baridi, bila kulipasha vuguvugu kama bibi yake alivyomfundisha. Akatia hamira, akafunika, akangoja. Alipofunua, rojo limelala palepale kama alivyoliacha. Akangoja tena, hakuna kilichoumuka. Nilimwona ameshika bakuli, hajui aliweke wapi. Nazi zimekwisha, na Bi Riziki ameshapiga simu kwamba basi limevuka mpaka.

Hapo Mjomba Kombo akateremka kutoka kwenye makasha yake. Akachovya kidole kwenye rojo, akaligusisha bakuli shavuni, akafumba macho.

"Halijafa," alisema. "Limepigwa baridi. Mayai ya namna hii nimeokoa mengi."

Akalifunga bakuli kwa khanga, akakaa kigodani penye ukuta usiopigwa na upepo, akaliingiza ndani ya koti la marehemu baba yake, akaliatamia. Hakusema, hakukohoa. Watu walipita wakamsalimu, akawa anaitikia kwa nyusi. Njiwa jike mmoja alitua begani kwake, akachungulia ndani ya koti kwa wivu. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta, lakini Kombo hakutikisika, isipokuwa mara mojamoja alilegeza kifungo joto lilipozidi na kukifunga lilipopungua. Hatimaye akasema linapumua. Shemsa akafunua, na rojo lilikuwa limeumuka mpaka limeisukuma khanga.

Wakalimimina kwenye sufuria iliyopakwa samli, wakaiteleka juu ya makaa, wakaifunika na kupalia makaa mengine juu ya mfuniko. Hapa ndipo penye hatari, kwa kuwa mkate huu mfuniko wake unafunguliwa mara moja tu. Ukifungua mapema unanywea na kuingia majivu, ukichelewa unakuwa mkaa. Siku zote Shemsa hupima muda kwa kaswida anayoisoma taratibu mpaka mwisho. Siku hiyo makaa yalikuwa na unyevu, mara yanawaka, mara yanazimika, na kaswida haikumsaidia kitu. Pua nayo ilikuwa imejaa moshi. Alinambia kwa sauti ndogo kwamba hasikii harufu yoyote, na machozi yalikuwa yanamtoka ya moshi pamoja na mengine.

Hatibu akaja na bisibisi yake ndefu. Ncha akaigusisha ubavuni mwa sufuria, mpini akaukaza sikioni, akaomba watu wanyamaze, na Mjomba akawanyamazishe njiwa. Akasema upande wa kushoto panatokota, wa kulia pamelala. Shemsa akahamisha makaa alikoonyeshwa. Hatibu akasema sasa pande zote zinaimba pamoja. Mama yao akapita, akasema mkate unaungua, autoe haraka. Shemsa akashika koleo.

"Ukifungua sasa utakula uji," Hatibu alisema, na sikio hakuliondoa.

Koleo likabaki hewani. Sisi wengine hatukusikia chochote isipokuwa mvua kwenye bati. Kisha Hatibu akasema mkate umenyamaza, fungua. Shemsa akafungua, na mkate ulikuwa umejaa sufuria, juu umekuwa rangi ya dhahabu, pembeni umejiachia wenyewe.

Bi Riziki aliwasili akiwa na kasoro za kutosha. Barabara ina mashimo, baraza iko juu mno, kiti kinayumba, khanga yangu imepauka. Akakatiwa kipande. Akatafuna. Akafungua kinywa, sote tukainama mbele, naye akatia kipande kingine. Alikula mpaka akafuta vidole, akaitazama sahani tupu, akauliza kama ni hicho tu walichomkatia.

Bi Siwatu macho yakamjaa machozi, na hapakuwa na moshi wa kusingizia. Akafungua pembe ya khanga, akauweka ufunguo juu ya sinia, akauliza ni nani aliyeufanikisha mkate huu. Mikono mitatu ikanyooka kwa pamoja, ikagongana.

"Bibi, wao wamenisaidia, siwezi kukataa," alisema Shemsa. "Lakini mkate ni wangu. Nazi ile ingeingia humu, sasa hivi tungekuwa tunapanda mchicha."

Mjomba Kombo akamwambia mama yake kwamba yeye alikabidhiwa bakuli la uji baridi, tena lililoharibiwa na huyohuyo mwenye pua, na alichorudisha ni mkate wenye uhai. Hatibu akasema wote wawili wanasahau kwamba mwishoni mmoja alikuwa analia na mwingine ameshika bakuli tupu, na kama si sikio lake koleo lingeshuka.

Bi Siwatu akamgeukia mdogo wake amsaidie.

"Mkate sina neno nao," alisema Bi Riziki. "Kasoro ninaiona kwa aliyeweka zawadi moja."

Ndipo wote wakanigeukia mimi, kwamba jirani hana upande. Nao hawajui kuwa kila mmoja alishanipitishia kipande cha mkate juu ya ukuta kwa siri, na kila mmoja kipande chake nimekila. Hakimu gani anahukumu mdomo umejaa?

Nikimfikiria Shemsa naona ufunguo ni wake, kwa sababu wenzake wanalitaka jiko kwa ajili ya vitu vyao, yeye analipenda jiko lenyewe. Kisha najiuliza, Bi Siwatu alisema zawadi ni ya anayelipenda au ya aliyeufanikisha mkate? Nikimwona Kombo na koti lililoganda rojo, na jana paka wamemla yule njiwa jike wa begani, moyo unahamia kwake. Na leo mchana nimesikia kengele ya mnunuzi wa vyuma mtaa wa pili, Hatibu akatoka mbio kuufunga mlango wa chumba chake kwa kamba.

Ufunguo bado uko juu ya sinia. Kombo ameshaegemeza wavu mpya mlangoni mwa jiko. Hatibu amesogeza redio moja mpaka kizingitini, eti ipate hewa. Na Shemsa, bila kumuuliza mtu, ameshaloweka mchele wa kesho. Mchele ukilowekwa haungoji watu wamalize mabishano, kesho adhuhuri utakuwa umechacha. Kwa hiyo asubuhi mlango ule lazima ufunguliwe, na mtu mmoja tu.

Bi Siwatu ananisubiri ukutani. Nimemwambia naenda kuwauliza wenye akili zao, na nimefika kwenu. Haya, weka kikombe chini uniambie: ungekuwa ni wewe, ufunguo ule ungeutia mkononi mwa nani?