Bega la Mhadhiri

Mganga hajigangi. Maana yake ni kwamba hata bingwa wa kutibu wenzake hushindwa akijigeuza mgonjwa wake mwenyewe, kwa kuwa mtu akijipima hujionea huruma. Anayebisha na aisikilize habari ya Mama Bega.

Huyu alikuwa mhadhiri wa tiba ya viungo katika chuo kikuu. Jina hilo alipewa na wanafunzi, maana kwa miaka minane utafiti wake ulikuwa mmoja tu: mabega yaliyoganda. Washiriki wake walikuwa washonaji, wapaka rangi na walimu wa shule, watu walioshindwa hata kuchana nywele. Aliwanyoosha wiki baada ya wiki, hadi wakaweza tena kuanika nguo zao. Kanuni ya utafiti aliiandika kwa mkono wake: anayetibu asipime. Kupima ilikuwa kazi ya mhadhiri mwenzake, shoga yake wa siku nyingi, mwanamke mkavu wa maneno ambaye wote walimwita Rula.

Basi mwaka huo bega la kulia la Mama Bega nalo likaganda. Hakumwambia mtu. Angeiweka wapi sura yake mbele ya wanafunzi? Akajifungia ofisini, akajinyoosha ukutani, kisha akasimama mbele ya kioo na kipimapembe, aone mkono unapanda hadi wapi. Nyuzi mia na ishirini. Akaandika daftarini, "Naendelea vizuri," akaenda zake kufundisha.

Nyumbani alimtunza mama yake mzazi, ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu. Kila asubuhi alimkumbatia, akamwinua kitandani, akamkalisha kwenye kiti cha dirishani. Bikizee hakutaka mikono mingine. Wengine, alisema, walimbeba kama gunia.

Asubuhi moja mkono wa kulia ukagoma katikati ya kazi. Mama akateleza, binti akamdaka kwa goti na kwa kudra ya Mungu. Wakajikuta wamekaa sakafuni wakitazamana.

"Mwanangu, huo mkono unaumwa."

"Unaendelea vizuri, mama. Umepimwa."

"Kaupima nani?"

"Mimi."

Mama akaguna. "Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukijipima joto mwenyewe, na kila siku ya mtihani ulikuwa na homa."

Mama Bega akacheka, kisha machozi yakamtoka. Aliogopa kumwangusha mama yake, na aliogopa zaidi siku ambayo angelazimika kuwaachia wengine wamwinue.

Alipofika chuoni alikwenda moja kwa moja chumba cha vipimo. "Shoga, nipime."

Rula alimkalisha kitini, akamfunga mkanda kifuani, kama walivyofungwa washiriki wote. "Inua."

Mkono ukapanda kidogo, ukakwama.

"Sitini na tano."

"Haiwezekani. Mimi nilipata mia na ishirini."

"Ulijifunga mkanda?"

Mama Bega akautazama mkanda. Mbele ya kioo alikuwa akiegemea upande, mwili mzima ukiusaidia mkono kudanganya. Kwa kosa hilohilo alikuwa akiwanyima alama wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

"Pima tena."

"Sitini na tano, hata ukinuna." Sauti ya Rula ikalegea. "Miezi yote hii unaumia, na mimi nipo mlango wa pili? Umenikosea, shoga yangu."

"Nisamehe. Niliona aibu."

"Aibu yako iweke pale na mkoba, kisha ulale nikunyooshe. Na kanuni ni kanuni: nikikutibu, sikupimi. Watakupima wanafunzi wako."

Mama Bega akafumba macho. Lakini alilala.

Kwa miezi minne Rula alipita kila asubuhi kumwinua bikizee, akikosolewa namna ya kushika, na kila mchana akamnyoosha binti, aliyelalamika kuliko washiriki wote. Kila Ijumaa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alishika kipimapembe. "Samahani, Mwalimu," alisema mmoja, "umeegemea. Kaa wima." Mwalimu akakaa wima.

Nyuzi zilipofika mia na hamsini, Mama Bega aliinama kitandani, akamzungushia mama yake mikono yote miwili, akamwinua bila kuyumba. Bikizee akamshika shavu.

"Nani kakuponya?"

"Rula, mama."

"Na wewe msomi wetu ulifanya nini?"

"Nililala nikatibiwa," akajibu binti, "maana mganga hajigangi."