Bi Fisi Apanga Mshahara wa Yaya

Paukwa!

– Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti? Ubwabwa mmemaliza sufuria nzima, kuitikia mnaitikia kama wagonjwa. Paukwa!

– Pakawa!

Pakawa na nini?

– Na kazi!

Kazi ya nani?

– Ya Dada Semeni!

Haya, ya Dada Semeni. Tulieni basi, nasimulia huku nakunja hizi nguo, na atakayekanyaga nilizokwisha kukunja atazikunja yeye. Mama yenu amejipumzisha chumbani, kwa hiyo mkicheka, mcheke polepole.

Hapo zamani alikuwako Bi Fisi. Mkubwa, mwenye mabavu, na tumbo lisilojua kutosheka. Alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza anauma: ng'wap! Wa pili analia: uwiii! Wa tatu anatoroka: mbio tii! Mchana kutwa ni ng'wap, uwiii, mbio tii. Unanitazama nini, Kibibi? Nasema watoto wa fisi.

Bi Fisi akatafuta yaya. Akaja Nguchiro, kamnyama kadogo, miguu mifupi, mwanawe kamwacha kwa jirani yake Kindi.

"Mama, na mshahara je?" akauliza Nguchiro.

Bi Fisi akamtazama kuanzia juu hadi chini, na hapakuwa mbali. "Tumbo lenyewe dogo hilo, mshahara mkubwa utauweka wapi? Nitakupa mfupa mmoja kwa siku."

"Wenye nyama?"

"Nyama nakula mimi. Lakini si utakunywa maji yangu bure? Si utakaa kivulini kwangu bure? Tena hapa wewe si mfanyakazi. Wewe ni ndugu."

Jamani! Ukiambiwa wewe ni ndugu kabla hujaambiwa mshahara, shika njia. Lakini Nguchiro alikuwa na shida, akashika ufagio.

Akalea. Ng'wap! Akang'atwa mkia. Uwiii! Akabembeleza. Mbio tii! Akakimbiza mtoto mpaka ng'ambo ya korongo, akamrudisha kwa sikio. Akalea, akalea, akachoka. Bi Fisi alikuwa akitoka asubuhi watoto hawajaamka, anarudi giza limeingia, watoto wamelala. Anawatazama, anasema, "Wanangu watulivu hawa. Sijui wewe unachoka na nini." Kisha anamtupia mfupa, mweupe, umenyonywa mpaka unang'aa.

Nguchiro akifika kwa Kindi kumchukua mwanawe, anamkuta naye kalala, tena na njaa. Siku moja mtoto akaamka. Akamtazama mgeni mlangoni, akamkumbatia Kindi shingoni, akasema, "Mama, nani huyu?"

Nguchiro akakaa chini. Hakulia, maana hata kulia kunataka nguvu. Iliuma, wanangu, iliuma sana. Mwishowe akasema, "Basi. Sitaki tena jua linizamie kwa watu."

Asubuhi, watoto wa Bi Fisi wakiwa bado wamelala, alimfuata mama yao mtoni, pale wanyama wote wanapokunywa maji.

"Mama, kuna kazi ya yaya mahali. Kazi nono! Mimi siiwezi. Inataka mwenye nguvu, nikakukumbuka wewe."

Bi Fisi kusikia "nono" tu, mate chururu. "Watoto wangapi?"

"Watatu."

"Wakoje?"

"Mmoja anauma: ng'wap! Mmoja analia: uwiii! Mmoja anatoroka: mbio tii!"

Hapo mimi na ninyi tumeshajua. Digidigi akajua. Kanga akajua, akaziba mdomo kwa bawa. Bi Fisi? Wapi! Watoto wake anawaona wakiwa usingizini tu.

"Ala! Watoto gani hao? Mama yao hana hata haya?"

"Hana nafasi, Mama."

"Basi atalipa! Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mimi nataka paja zima, lenye nyama, kila siku. Nataka siku moja ya kupumzika kila wiki. Na jua likianza kuinama, niko njiani naenda kwangu. Chini ya hapo, akatafute punda!"

"Wenzetu hawajasikia, Mama. Paja?"

"Paja!"

"Mapumziko?"

"Mapumziko!"

"Jua likiinama?"

"Niko njiani!"

Wakasikia mpaka ng'ambo ya mto.

"Haya, nipeleke," akasema Bi Fisi. Wakaenda, wakaenda. Wakazunguka kichaka, wakazunguka kichuguu, wakatokea upande wa nyuma wa pango moja. Ndani: ng'wap! Uwiii! Mbio tii!

"Mbona hawa ni wanangu?"

"Ndio hao, Mama. Na mshahara umeupanga wewe."

"Nitakumeza!"

"Nimeze. Halafu nani atamkimbiza yule?"

Bi Fisi akamfukuza, akaenda kutafuta yaya mwingine. Akamwendea Digidigi. Digidigi akasema, "Paja, mapumziko, jua likiinama." Akamwendea Kanga. Kanga akasema, "Paja, mapumziko, jua likiinama." Hata Kobe, asiyeweza kumkimbiza mtu, akatoa kichwa taratibu: "Paja, mapumziko, jua likiinama. Si ulisema mwenyewe?"

Akarudi, akalea mwenyewe. Ng'wap! Akang'atwa sikio. Uwiii! Akabembeleza, mtoto akazidisha. Mbio tii! Akakimbiza mpaka ulimi ukaning'inia. Siku moja tu, jamani, siku moja, na adhuhuri ilikuwa haijafika. "Niitieni Nguchiro," akasema, na sauti yenyewe haitoki.

Nguchiro akaja, akalea. Jua lilipoanza kuinama, Bi Fisi alilitoa lile paja polepole, utadhani anakata la kwake. Nguchiro akalipokea, akasema ahsante, akaondoka.

Alifika kwa Kindi jua bado lipo. Mwanawe akamtazama. Akamtazama kwa muda. Kisha akaja, akanusa paja, akaliacha, akanusa mkono, akasema, "Mama."

Hadithi yangu imefika hapo, na miguu yake imechoka. Ikiwa tamu, ilambeni wenyewe. Ikiwa chungu, mpelekeeni mama yenu, maana naona pazia la chumbani linatikisika na leo hakuna upepo.

Fundisho? Lipo, hadithi gani isiyo na fundisho. Yaya mwema hadai mshahara. Anangoja mwenye nyumba akumbuke mwenyewe. Nguchiro hakuwa na adabu, msimwige. Mimi nina adabu. Mwaka wa nne huu, nangoja.