Magugu Nyuma ya Kilima

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika bonde moja la Yemeni aliishi mjane mcha Mungu, Unaisa, aliyechunga kondoo wa Bwana Mutarrifu. Bwana huyo alipofunga safari ya Hija, alimwagiza: “Mama Saadi, ng'oa magugu yote malishoni, ubaki ukoka mtupu. Nikirudi salama, kondoo mmoja mwenye maziwa ni wako na mwanao.”

Unaisa alifurahi, kwani maziwa ya kumnyonyesha mwanawe Saadi yalikuwa yamekauka na mtoto amekonda.

Akang'oa kwa bidii. Alipofika nusu ya malisho, akaona jambo. Kila asubuhi kondoo waliupita ukoka laini wakaenda kwenye magugu ya mchunga na mbigili, wakachagua jani hapa, jani pale, kama mama anayechambua dengu. Waliokuwa wakihara walikula mchunga siku kadhaa, wakapona. Unaisa akachuma jani, akalitafuna. Lilikuwa chungu ajabu!

“Subhanallah! Ninyi mmefundishwa na nani?” akawauliza. Hakuna aliyeinua kichwa.

Akaliweka jembe chini. Nusu ya pili hakuigusa.

Bwana Mutarrifu aliporudi aliwakuta kondoo wamenona. Akasema mbele ya majirani, “Si niliwaambia? Ukoka mtupu! Haya, Mama Saadi, chagua kondoo wako.”

Magugu yalikuwa nyuma ya kilima, na hakuna aliyeyaona. Unaisa alimsikia mwanawe akihema mgongoni, mwepesi kama kikapu kitupu.

“Bwana wangu,” akasema, “sikutimiza agizo lako. Nusu ya magugu ipo, kule nyuma. Niliona wanayatafuta, nikayaacha bila idhini yako. Kondoo simstahiki.”

Jirani mmoja akacheka. “Leo uvivu nao umepata sababu!”

Bwana Mutarrifu aliinuka. Alifungua zizi, akawafuata kondoo mwenyewe, na Unaisa na mwanawe nyuma yake. Wakaupita ukoka, wakapanda kilima, wakainamia magugu. Akaketi akiwatazama mpaka adhuhuri. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

“Nimesimama Arafa nikiomba baraka katika mifugo yangu, na huku nyuma nimeagiza baraka hiyo hiyo ing'olewe.”

Akamshika kondoo mwenye maziwa kuliko wote, akamkamua palepale kwa mkono wake, akamnywesha mtoto kwanza, kisha akamkabidhi Unaisa kondoo huyo.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Yeye ndiye aliyeotesha kitamu na kichungu, akajua nani atakihitaji. Nasi tulio na watoto mgongoni, tumwombe ulimi kama wa Unaisa, usiosubiri kuulizwa.