Marufuku ya Mzee Mgaza

Mzee Mgaza alikuwa na jengo moja tu la ghorofa pale Tanga, lakini kuta zake zilijaa amri: marufuku kukojoa hapa, marufuku kukaa ngazini, nyumba hii haiuzwi; na chini ya kila amri, onyo la kutoifuta. Siwema, mpangaji wake aliyekodisha meza za kazi juu, alipotundika bango na kugawa vipeperushi, mzee alivichana vyote.

"Hapa hutangazi kitu! Chukua rangi, andika marufuku yangu getini."

"Sawa, mzee. Ila kinyozi wa chini akiisoma, si naye atang'oa kibao chake?"

"Kinyozi hajakatazwa! Andika wazi nani kakatazwa, na kitu gani."

"Kwa herufi kubwa?"

"Kubwa kama madebe! Na umalizie kama zile nyingine."

Mzee akaenda zake shambani Muheza. Aliporudi, ngazi zilijaa vijana wenye kompyuta, na getini pameandikwa:

NI MARUFUKU SIWEMA KUTANGAZA MEZA ZA KAZI ZA KUKODI KWA SAA, INTANETI YA KASI NA KAHAWA YA BURE, GHOROFA YA PILI.

"Futa haraka!" akafoka.

"Ningefuta, mzee wangu," Siwema akasema kwa upole, "lakini hebu soma mstari wa chini."

MARUFUKU KUFUTA. KWA AMRI YA MWENYE NYUMBA.