Mbuzi wa Uwanjani

"Mbuzi wa uwanjani hamfikii mkwe." Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia mtendaji wa kijiji leo asubuhi, alipotaka kuyasoma kwa kipaza sauti majina ya nyumba zilizoishiwa chakula. Mtendaji akakunja karatasi yake, nanyi mkabaki kutazamana. Basi kaeni vizuri. Methali hii ilianza hivi.

Huko Mlangwa, katika nchi ya Wagogo, kanisa lilikuwa na chama kilichoitwa Kapu la Mjane. Kazi yake ilikuwa kuziinua nyumba zilizoangushwa na umaskini, na njia yake ilikuwa mbuzi. Nyumba moja hupewa mbuzi jike. Akizaa, mtoto wa kwanza jike, yaani mtamba, hulelewa mpaka ashike mimba, kisha mwenye nyumba humkabidhi kwa nyumba nyingine yenye shida. Nayo hufanya vivyo hivyo. Aliyepokea jana leo anatoa, na hakuna anayezeeka akiitwa ombaomba.

Kiongozi wa Kapu alikuwa Damari. Watu walimwita Mama Damari kwa heshima, ingawa hakuwa na mtoto wala mume. Alizaliwa Morogoro mjini, akakulia kwenye mabweni ya shule za misheni, na kanisa likamleta Mlangwa akiwa mtu mzima. Sauti yake ilikuwa ya upole na mguu wake wa haraka. Aliyemtangulia katika kazi ile alikuwa akigawa mbuzi nyuma ya nyumba yake mwenyewe, na mbuzi wale wakawa na tabia ya kupotelea katika mazizi ya ndugu zake. Kapu lilikaribia kufa. Damari alipolipokea aliapa mbele ya madhabahu kwamba hakuna mbuzi atakayetoka mkono huu kwenda mkono ule isipokuwa kwenye uwanja wa kanisa, Jumapili baada ya ibada, watu wote wakitazama. Tena asiyetoa atanyang'anywa, na asiyepokea atarukwa.

Mwenyewe alitembea nyumba kwa nyumba kuchagua wa kupewa. Jina hakumwambia mtu. Alilitaja pale pale uwanjani, ili furaha imkute mwenyewe ghafla. Mara tatu mambo yalikwenda vizuri, kwa vigelegele na nyimbo.

Mara ya nne ilikuwa zamu ya Madeje kutoa. Madeje alikuwa kijana shupavu, aliyewahi kumfukuza fisi kwa kirungu. Alisimama uwanjani ameshika kamba, na mwisho wa kamba mtamba mweusi, tumbo limeanza kujaa. Damari akafungua karatasi yake.

"Bibi Mbeleje," akasoma. "Njoo, Bibi, upokee mkononi kwa Madeje."

Bibi Mbeleje alikuwa mjane aliyelea wajukuu wawili walioachwa na marehemu mwanawe, mdogo wao hajaanza hata kutembea. Damari alikuwa amekiona kibuyu cha uji nyumbani kwake, maji mengi kuliko unga. Alijua nyumba ile ilihitaji maziwa kuliko nyumba zote za Mlangwa, naye alikuwa ameisubiri siku hii.

Madeje aliposikia jina lile aliachia kamba kama imemuunguza, akakimbilia nyuma ya kanisa. Mtamba naye, kuona yuko huru, akaingia kwenye shamba la uwele. Upande wa wanawake, Bibi Mbeleje alijifunika kanga kichwani mpaka usoni akaondoka zake, hakugeuka. Damari akaita mara ya pili, na ya tatu. Watu walikuwa wakitazama miguu yao.

Hakuelewa. Alichoona ni kijana bahili aliyeona uchungu kutoa, na mwanamke mwenye kiburi. Akatangaza kwa upole wake ule ule kwamba sheria ni sheria: Bibi Mbeleje amerukwa, na Madeje atarudisha mtamba pamoja na mama yake. Hakuna aliyebisha, na hilo lilimkera zaidi.

Kesho yake akaenda kwa Madeje kuchukua mbuzi. Akamkuta mke wa Madeje, Sechelela, anapepeta.

"Mumeo yuko wapi?"

"Yuko machungani, Mama. Karibu kigoda."

"Sikuja kukaa, mwanangu."

"Kaa tu. Kuku wetu wamekwisha kufa kwa mdondo, hatutapata hasara yoyote kwa kukukaribisha."

Damari akacheka bila kutaka, akakaa. Sechelela akaweka ungo chini.

"Mama, kitendawili."

"Tega."

"Amenipa mke, tena ananipenda, nikimwona njiani naingia porini."

Damari akafikiri. "Deni."

"Deni halitoi mke, Mama."

"Chui."

"Nipe mji."

"Haya, chukua Morogoro."

"Nikaenda Morogoro, nikala ndizi mpaka nikavimbiwa, watu wakaniuliza, huko kwenu Mlangwa hakuna ndizi? Nikawaambia kuna vumbi na kuna heshima. Jibu ni mkwe."

Damari akamgeukia. "Bibi Mbeleje ni nani kwako?"

"Amenizaa."

Hapo Damari alihisi masikio yanawaka moto. Neno mkwe alilijua, lakini kwa kuwa hakuwahi kuolewa hakuwahi kulibeba. Sechelela akamweleza taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya kisimani. Mwanamume wa Mlangwa hamtaji mama mkwe wake kwa jina, hali naye chakula chungu kimoja, na kitu hakitoki mkononi mwake kikaingia mkononi mwa mama huyo. Anampa kweli, na anampa sana, lakini kwa mkono wa mtu mwingine.

"Na mimi nililisoma jina lake mbele ya mumeo," Damari akasema, "nikamwamuru ampokee mbuzi mkononi kwa mkwewe."

"Mbele ya kanisa zima, Mama. Hata mchungaji alikuwepo."

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Nani akwambie? Kusimama na kusema huyu na huyu ni wakwe, wenyewe wanasikia, ni kuwavua nguo mara ya pili."

"Mama yako anasemaje?"

"Hasemi mengi. Jana wajukuu wamelala na uji ule ule. Ila anasema hatauza uso wake kwa mbuzi, maana uso ndio heshima yake."

Damari akauliza afanyeje. Sechelela akasema jambo lenyewe ni jepesi: kila Jumanne yeye huenda kusenya kuni upande wa kwa mama yake. Anaweza kupita na mtamba, waliyekwisha kumkamata kwenye uwele, akamfunga zizini kwa mama, akaendelea na kuni zake.

"Watu watasema nimemficha mbuzi," Damari akasema. "Watasema nimekuwa kama yule wa kwanza."

"Watasema," Sechelela akakubali, akaanza tena kupepeta.

Damari alikaa pale muda mrefu. Akikivunja kiapo chake, Kapu laweza kuvunjika nacho, kwa sababu watu waliliamini kwa macho yao. Asipokivunja, nyumba yenye njaa kuliko zote itakuwa ndiyo pekee isiyofikiwa. Mwishowe akasimama, akajikung'uta makapi.

"Mpeleke," akasema. "Na mama wa mtamba abaki kwenu."

Jumapili iliyofuata, watu wamekwisha kutoka ibadani, Mzee Chilewa alisimama uwanjani. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mpenda taratibu, na ndiye aliyemng'oa yule msimamizi wa kwanza.

"Mama Damari," akasema, "wiki iliyopita kulikuwa na mtamba mweusi hapa. Tuliambiwa atarudishwa. Zizini mwa kanisa nimetazama, hayumo. Kwa Madeje hayumo. Sisi tulikwisha kuumwa na nyoka, Mama. Yuko wapi?"

Watu wote wakamgeukia Damari. Madeje alikuwa upande wa wanaume, na Bibi Mbeleje upande wa wanawake, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi. Damari aliona kwamba akieleza habari yote atajisafisha yeye na kuwachafua wale wawili. Akinyamaza, ataitwa mwizi, na kesho hakuna atakayetoa mtamba wake. Hakumtazama Madeje wala Bibi Mbeleje. Alimtazama Mzee Chilewa peke yake.

"Mzee wangu," akasema, "mbuzi wa uwanjani hamfikii mkwe."

Mzee Chilewa akavua kofia yake, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo. Mwanamke mmoja akasema kutoka nyuma, "Mwacheni Mzee Chilewa. Mwaka juzi mkwe wake alipita hapa, yeye akaruka ua wa kanisa na joho lake."

Watu wakacheka, na Mzee mwenyewe akacheka, akakaa chini. Hakuna aliyeuliza tena mtamba yuko wapi. Wote walijua yuko mahali panapostahili, na hakuna aliyelazimika kupataja.

Tangu siku ile Damari hakuacha uwanja, lakini aliacha kusoma majina kwa ghafla. Kila aliyechaguliwa alifuatwa kwake kwanza, akaulizwa: mbuzi wako utampokelea wapi? Wa kwanza kuulizwa alikuwa ajuza mmoja asiye na jino. "Hapo hapo uwanjani," akajibu. "Wakwe zangu wote wamekwisha kufa. Tena mlete na ngoma." Akapelekewa ngoma. Wengine walisema zizini, wengine kwa mkono wa binti, na mmoja alisema mfungeni njiani nitamwokota. Kila mmoja alipata mbuzi wake na akabaki na uso wake.

Kwa hiyo ukitaka kumsaidia mtu, usitazame tu alichokosa. Uliza kwanza mkono wake unapokea namna gani. Maana wema una njia yake ya kuingilia nyumbani kwa mtu, na mbuzi wa uwanjani hamfikii mkwe.